Marehemu Zhan Shoukui na Ubavu wa Mashua

Wazee wa ukoo wa Zhan, wakwe na mashemeji mliovuka milima, majirani wa omo, mbele ya kijiji, na majirani wa tezi, nyuma yake, wanafunzi wa fundi, nanyi mliosimama uani kwa kuwa ukumbi umejaa, familia inawasalimu, na inaomba usikivu wenu kabla ya saa tatu na robo, ambayo ndiyo saa ya kunyanyua jeneza, ili isomwe historia ya Zhan Shoukui, mume, baba, babu yetu na mpimaji wa bonde hili, kama tulivyoikusanya kwa siku tatu, maana mambo mengine tumeyapata kwa hesabu mbili mbili, na jambo moja, la mahali pa kumlaza, tumelipata kwa majibu matatu, na hadi alfajiri ya leo, Ijumaa tarehe 17 Novemba 2006, hatukujua wabebaji waelekee wapi, na uzito wake mnaujua, kwa kuwa pale atakapolala ndipo kijiji kitakuwa kimesema kama alitukosea au hakutukosea.

Marehemu alizaliwa hapa Chuankeng, nyumba ya tatu kutoka omo, tarehe 26 Januari 1932 kwa daftari la serikali, na kwa kauli ya mama yake siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa Mbuzi, ambayo ni siku ile ile, lakini kwa kuwa mtoto wetu huzaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na mwaka mpya ukiingia huhesabiwa wa pili, marehemu alitimiza miaka miwili akiwa na umri wa siku kumi na moja, hajajua hata kugeuza shingo, na ndiyo maana cheti cha hospitali kinasema amefariki akiwa na miaka 74, na kitambaa kilichoning'inizwa mlangoni kinasema 76, na familia haina ugomvi na chochote kati ya hivyo.

Baba yake alikuwa mkulima wa chai, Zhan Yongjiu, mama yake alitoka ukoo wa Wu, naye alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Alianza masomo tarehe 1 Machi 1939 katika chumba cha kushoto cha ukumbi huu huu, akasoma miaka sita, akaacha mwaka 1945 baba yake alipofariki, na hapo akachukuliwa na baba yake mdogo, Zhan Xunzhi, aliyekuwa mpimaji wa upepo na maji, elimu ya kujua nyumba ikae wapi na kaburi litazame wapi, naye akamfundisha kwa miaka sita mingine, kwanza kubeba dira bila kuiinamisha, kisha kusoma duara zake kumi na saba, kisha kuvua kila chuma mwilini kabla ya kuitazama sindano, kwa sababu sindano ni kama mtu mwepesi wa kusadiki, ikipitiwa na chuma husahau ilichokuwa inakijua.

Ni baba mdogo huyo aliyemweleza kijana Shoukui jambo ambalo kila mtu wa hapa hulinyonya na maziwa, kwamba mzee wetu wa kwanza alikipanga kijiji kwa umbo la mashua, ukumbi huu katikati, miti miwili ya mkafuri mbele yake ikiwa milingoti, mazizi ya nguruwe na nyati tezini, kijito kikituzunguka kama maji tunayoelea, maharusi wakiingia kwa omo na maiti wakitoka kwa tezi, kwenda kushukia kilima cha ng'ambo kiitwacho Nchi Kavu, na kwamba kwa miaka mia sita hakuna aliyechimba kisima humu ndani, kwa kuwa mwenye akili hatoboi chombo alichopanda. Kijana akauliza, "Baba mdogo, na mashua inaishia wapi?" Akajibiwa, "Inaishia inapoishia." Akauliza tena, "Lakini wapi hasa?" Mzee akasema, "Ukilowa, utajua." Marehemu alipenda kutusimulia hayo akicheka, na miaka yake ya mwisho aliyasimulia bila kucheka.

Kazi aliianza rasmi mwaka 1951, baba yake mdogo alipofariki na kumwachia dira iliyofungwa kwa kitambaa chekundu, lakini ilikuwa kazi ya siri, kwani elimu yake ilikuwa imeshaanza kuitwa ushirikina, kwa hiyo mchana alikuwa mkulima wa kikosi cha kilimo cha kijiji na mchora mifereji, na mfereji wa kutoka bwawa la juu, wenye urefu wa kilomita tatu, ambao hadi leo haujawahi kurudisha maji nyuma, ni wa macho yake na miguu yake. Tarehe 4 Septemba 1966 vijana waliokusanya vitu vya kale ili kuvichoma walimtaka alete dira mbele ya ukumbi, akaileta mwenyewe, akaitia motoni mwenyewe, akaomba arudishiwe kitambaa, wakamrudishia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1954 na Cheng Suyue wa kijiji cha Shangtan, bibi yetu, huyu hapa mbele yenu, aliyeingia kwa omo kama maharusi wote, na asubuhi ya kwanza, alipoonyeshwa ndoo mbili na mti wa kubebea begani na kuambiwa kijito kiko hatua mia mbili chini ya ngazi, aliwauliza mawifi zake, "Mashua gani hii, abiria wanateka maji nje?" Mawifi walicheka hadi wakakaa chini, na neno hilo likamfuata maisha yake yote. Walijaliwa watoto wawili, Bohuai, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1957, na Yinghe, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1963, na wajukuu watano, tulioandika historia hii.

Sasa tunafika mwaka 1978, na familia imekubaliana isiuruke.

Kiangazi cha mwaka ule kijito kilikauka hadi samaki wakaokotwa kwa mkono, mpunga ukageuka rangi ya majani ya paa, na bibi mmoja wa tezi akaanguka na ndoo zake akivuka kilima kufuata maji, hapo ndipo kiongozi wa kikosi alipomfuata marehemu shambani. "Shoukui," alisema, "mimi sikuulizi mambo ya kale, nakuuliza maji." Marehemu akasema, "Maji nayajua yalipo, ila ni ndani ya mashua." Kiongozi akatazama kulia na kushoto, akasema, "Basi nionyeshe palipo nje. Lakini nje ya karibu, wazee hawawezi kutembea." Marehemu hakuwa na dira, iliungua, kwa hiyo alichukua sindano ya kushonea ya mkewe, akaisugua kwenye sumaku ya kipaza sauti kibovu cha kikosi, akailaza juu ya unyasi katika bakuli la maji, na asubuhi ya tarehe 23 Agosti 1978 akaliweka bakuli chini ya mikafuri, akangoja unyasi utulie, akashika mstari wa mashariki, akahesabu hatua sitini na nne, akatazama jiwe la ubavu, lile jiwe la zamani lililoonyesha mwisho wa mashua upande ule, akasema, "Hapa ni nje, kwa hatua tatu." Zhan Kaiyuan, ndugu yetu wa ukoo, wakati huo kijana wa miaka thelathini na tatu, akapiga mtarimbo wake pale pale, wakachimba, na siku ya saba, kwenye kina cha mita tisa, maji yakatoka, baridi na matamu, na watu wakaimba, na marehemu akabebwa juu juu kuzunguka milingoti.

Miezi kumi baadaye, tarehe 27 Juni 1979, mvua ilinyesha siku tatu, kijito kikavuka ngazi, kikachukua nyumba nne za tezi, kikachukua jiwe la ubavu ambalo halijaonekana tena, na kikamchukua mama yake Kaiyuan, aliyekuwa amerudi ndani kufungua kuku. Maneno yalianza kabla matope hayajakauka, mashua imetobolewa, mashua inaingiza maji, fundi alipima vibaya, na wengine wakajibu kwamba mafuriko yalikuwa ya bonde zima, hata vijiji visivyo mashua vilizama, na tangu siku hiyo Chuankeng ina watu wa aina mbili, wanaosema kisima kiko nje na wanaosema kiko ndani, na wanaoana, na wanagombana mezani.

Marehemu hakuwa wa aina yoyote kati ya hizo. Baada ya maziko ya mama yule alikwenda kwa Kaiyuan, akamuuliza jambo moja tu, ambalo tumelisikia kutoka kwa bibi aliyekuwa naye. "Kaiyuan, nilipokuwa natazama bakuli, mtarimbo wako ulikuwa wapi?" Kwa sababu mtarimbo ni chuma, na ulikuwa mzito, na kama uliegeshwa kwenye mkafuri karibu na bakuli, basi sindano iliyumba na mstari wa mashariki haukuwa wa mashariki. Kaiyuan akamwambia, "Ulikuwa nyumbani kwangu. Niliuleta baadaye. Usinitafutie mimi tundu lako, Kaka Shoukui, mimi nimetoka kuzika." Marehemu akaomba radhi, akarudi, na kuanzia hapo, bibi ametuambia, kila alipofumba macho aliuona mtarimbo mahali pawili kwa wakati mmoja, kwenye mti na mlangoni kwa Kaiyuan, na alama za kutu zikiwa wazi kote kuwili.

Mwaka 1981, marufuku zilipolegea, alivuka mpaka wa jimbo la Anhui akanunua dira mpya, akaifunga kwa kitambaa kile chekundu, na kazi ikarudi kama maji mferejini, akapima nyumba na makaburi katika vijiji zaidi ya arobaini, akamchukua mwanafunzi, Hong Jishan, mwaka 1986, naye leo ndiye aliyetuchagulia saa ya kunyanyua jeneza, na katika kazi za watu wengine marehemu hakuwahi kusita. Mtu mmoja aliyerudi kutoka mji wa Shenzhen na kujenga ghorofa nne alimlalamikia, "Fundi, ukilipinda lango hivyo gari langu halitaingia." Marehemu akamjibu, "Gari likiweza kuingia moja kwa moja, kila kitu kitaingia moja kwa moja, hata wanaokudai." Lango lilipindwa, na gari lipo nje hadi leo, limefunikwa turubai.

Lakini kila tarehe 23 Agosti alirudi kwenye kisima. Jiwe la ubavu halikuwepo, kwa hiyo ilimbidi aanzie kwenye mikafuri, na mikafuri ilikuwa inanenepa, akihesabu kutoka kwenye mizizi anapata jibu moja, akihesabu kutoka kwenye shina anapata jingine, akitumia hatua zake za uzeeni kisima kinaingia ndani, akizirefusha ziwe kama za ujanani kinatoka nje. Daftari lake tunalo. Kuanzia 1981 hadi 2003 amepima mara ishirini na tatu, mara kumi na moja ameandika "nje", mara kumi na moja ameandika "ndani", na mara moja ameandika tu, "Mvua."

Maji ya kisima aliendelea kuyanywa. Bibi alimuuliza kwa nini asirudi kijitoni, angalau wapunguze maneno. Alisema, "Nikiacha, nitakuwa nimejibu. Na sijajibu." Naye Kaiyuan, kila alipompita njiani, alimrushia lile neno lake, nusu mzaha nusu mwiba, "Fundi, leo tunaelea?" Marehemu akimuuliza, "Viatu vyako vimelowa?" "Bado." "Basi tunaelea." Walisalimiana hivyo miaka ishirini na zaidi, hakuna aliyecheka wala aliyeacha.

Ugonjwa wake ulianza, au tulianza kuuona, tarehe 3 Desemba 2003, alipotoka kununua tofu nyumba ya sita kutoka kwetu na kupatikana saa nne baadaye kwenye kijito, akiulizia Chuankeng iko upande gani. Mtu aliyepima vijiji arobaini alipotea katika kijiji kimoja. Daktari wa wilaya alitueleza kwamba ubongo unasinyaa, na kwamba mahali ndipo pa kwanza kupotea, kabla ya majina, na kweli alitujua sote kwa majina hadi mwaka jana, ila alituuliza tumemleta nyumba ya nani. Mahali pekee alipopajua njia yake ni kisimani. Alikuwa akipatikana pale, mikono nyuma, akiwauliza wanaoteka maji, "Mwanangu, hapa nilipo ni ndani au nje?" Wengine walimwambia, "Nje, babu, nje kabisa," wengine walimwambia, "Ndani, fundi, kazi yako hiyo," na wote aliwashukuru. Bibi alipomfuata aliulizwa vilevile. Alimwambia, "Uko nyumbani, mume wangu, vaa koti."

Mapema mwezi huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 6, na Jumanne tarehe 14 Novemba 2006, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, akafariki, mikono yake ikiwa mikononi mwa bintiye Yinghe, na mwanawe Bohuai akiwa ameshika miguu, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba kitanda kinayumba.

Ndipo tulipogundua kwamba alituachia maneno matatu. Bohuai alisimama akasema kwamba baba alimwambia mwezi Februari 2001, akiwa na akili timamu, "Nizikeni kando ya kisima, hatua tano mashariki yake. Wakikubali, nitajua." Yinghe akasema hapana, yeye aliambiwa tarehe 9 Oktoba 2003, "Nipelekeni Nchi Kavu kama mtu mwingine, nisije nikaacha ugomvi." Kaka akamuuliza dada, Oktoba ile haikuwa tayari ni ugonjwa? Dada akamuuliza kaka, na Februari ile haikuwa kiburi? Tukamgeukia bibi, naye akasema, "Mimi hakuniambia chochote. Aliniuliza tu." Na hapo mnaona tulivyokwama, kwani maiti hazikwi ndani ya mashua, haijapata kutokea, kwa hiyo kumlaza kando ya kisima ni sawa na kijiji kizima kutamka kwamba pale ni nje na fundi hana kosa, na kumkatalia ni kutamka kwamba alitutoboa, na kumpeleka Nchi Kavu bila kuuliza ni kumnyima hata hilo swali.

Juzi mchana wazee waliketi hapa, na familia inawashukuru kwa kuketi, ingawa wote mlisikia. Mzee mmoja alisema, "Kama kimo ndani, mbona hatujazama miaka ishirini na minane?" Mwenzake akamjibu, "Tulizama sabini na tisa, wewe ulikuwa juu ya paa unamlilia mama yako!" Mwingine akataka ipimwe upya, wote wakamtazama Bwana Hong Jishan, naye akasema, "Wazee wangu, mwalimu wangu alipima mara ishirini na tatu. Mimi mniache." Wakaondoka bila uamuzi. Tukachimba kaburi Nchi Kavu, kwa kuwa kaburi lazima liwepo, na moyoni hatukujua tumechimba la nani.

Siku ile ile bibi alikwenda kwa Mzee Kaiyuan, peke yake, na fimbo yake. Alimkuta anabangua karanga. Alimuuliza, "Shemeji, mtarimbo ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilishasema. Nyumbani." Bibi akasema, "Uliwahi kusema kwake. Mimi sijakuuliza kabla ya leo." Mzee Kaiyuan akabangua karanga tatu, hakuzila. Bibi akaaga, akarudi.

Leo alfajiri, wa kwanza kwenda kisimani alirudi mbio na ndoo tupu, tukatoka, tukamkuta Mzee Kaiyuan na wanawe wawili, hatua tano mashariki ya kisima, wamekwisha chimba kaburi hadi kiunoni, udongo umerundikwa vizuri, upande wa kichwa umeelekezwa kilimani kama inavyotakiwa. Hakuna aliyemtuma. Bohuai aliuliza, "Baba mdogo, ina maana umekubali pale ni nje?" Naye, bila kuinua uso, akasema, "Sikumbuki, mwanangu. Nimekaa nao siku mbili huu mtarimbo, nimeuweka mlangoni, nimeuweka kwenye mti, na kote unanikaa sawa. Labda niliuleta baadaye. Labda ulikuwa begani kwangu nimesimama nyuma yake. Miaka yote nimemlaumu kama mtu anayekumbuka." Akapiga jembe tena, na jembe likazama, na maji yakaingia.

Hayakuingia kwa kishindo, yalipanda kimya kimya, yakafika vifundoni, yakafika magotini, na watu wakaanza hapo hapo, wanaosema ndani wakapaza sauti, "Ngama! Mmeona? Hayo ni maji ya ngama, yaliyovuja ndani ya mashua!" na wanaosema nje wakapaza sauti kwamba maji yote yako nje, na ndiyo maana mashua inaelea, na wengine, wenye akili za kawaida, wakasema ukichimba hatua tano kutoka kisimani unategemea kukuta nini, unga? Hakuna kaburi linalolazwa jeneza majini, si katika elimu ya marehemu wala katika elimu ya mtu yeyote, na Mzee Kaiyuan aliendelea kuyachota kwa jembe, akiyatupa nje, nayo yakirudi, akichota, yakirudi, hadi bibi aliposogea ukingoni.

"Shemeji," alisema, "toka humo."

"Nitayamaliza, shemeji. Ngoja kidogo."

"Hayataisha. Toka, utashikwa na baridi, na wabebaji wamepungua mmoja." Akampa ncha ya fimbo ashike. Kisha akawageukia waliokuwa wakibishana, akasema, "Mume wangu ameuliza miaka ishirini na minane. Kama mna jibu, mngempa akiwa hai. Sasa nyamazeni, mtoto wenu hapa analoa." Mzee Kaiyuan ana miaka sitini na moja, lakini hakuna aliyecheka. Alipanda, akaletwa jikoni kwetu, akavikwa suruali ya marehemu, akapewa uji wa mchele uliopikwa kwa maji ya kisima kile, kama kila kinachopikwa nyumbani kwetu, naye, ambaye tangu azike mama yake hakuwahi kutia tone la maji hayo kinywani, akawa analitazama bakuli. Bibi akamwambia, "Kunywa, yakikudhuru tutasema ni ndani." Akanywa bakuli mbili.

Hivyo basi familia inatangaza kwamba marehemu atalazwa Nchi Kavu, na inaomba ieleweke kwamba hii si hukumu, hatukushindwa wala hatukushinda, na shimo la kando ya kisima litafukiwa mchana huu na wale wale waliolichimba, ambao wameomba wenyewe wafanye hivyo, na hakuna atakayepima kitu pale, hayo ni maneno ya bibi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliomhudumia siku zake nane za mwisho na kutuvumilia tulipowaomba wakigeuze kitanda chake mara nne, inawashukuru majirani wote walioteka maji na kumjibu, waliosema nje na waliosema ndani, na hasa waliomshika mkono na kumrudisha nyumbani, inamshukuru Bwana Hong Jishan na wapimaji wenzake wa bonde, inawashukuru wanawake wa Shangtan kwa mchele na tofu, na inamshukuru Zhan Kaiyuan, ambaye atabeba mbele, upande wa kushoto, kwa kaburi alilolichimba, ambalo hatukuweza kulitumia, na ambalo hatutalisahau.

Babu Shoukui, saa imefika, tunakutoa kwa tezi kama wote waliokutangulia, na kama kisima kiko ndani sisi hatujui, na kama kiko nje hatujui, na Mzee Kaiyuan aliyeupiga mtarimbo hajui, na leo katika watu wote hawa hakuna hata mmoja anayekutaka wewe ujue, basi iache dira, nyosha miguu, pumzika, upumzike kwa amani.